Mtu wa Upande wa Pili wa Msumeno

Mume wangu aliuawa na tawi la mti, hakuuawa na mtu. Nalitanguliza hilo kwa sababu hadi leo wako watu Kasongo, na wengine Kabambare, ambao wakimtaja Kapita wa kuni hushusha sauti na kusema kwamba yeye ndiye aliyetuletea ile mashine ya kukatia miti. Ni kweli aliichagua. Nilikuwepo siku hiyo, nimejitwika sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikamwona kwa macho yangu. Lakini jambo la kweli linaweza kusemwa vibaya mpaka likageuka uongo, nami nimechoka kulisikia. Nilimjua mtu huyo kuliko wanaomsengenya. Alikula kwangu, aligombana nami, na kila alasiri alisimama mlangoni pangu akiwa na mume wangu ubavuni. Acheni niseme alivyokuwa.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana yasiyolingana kabisa na miguu yake. Alitembea polepole, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga, hata akiwa barabarani penye vumbi ambapo hakuna wa kuamshwa. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa Kasongo mjini, watu wa kanzu na udi, ilhali maisha yake yote aliyamaliza porini pamoja nasi, watu wa mashamba tunaokwenda misa. Ijumaa alivaa kofia yake iliyodariziwa, akatandika mkeka nyuma ya ghala la shoka, akasali peke yake. Siku nguruwe akipikwa kambini alihamia upande upepo unakotoka na hakumnunia mtu. Kucha zake zilikuwa safi sana. Alikuwa akizichokonoa kwa kijiti kabla ya kugusa chakula, na wakata kuni wenzake walimcheka kwa jambo hilo, ila walimcheka akiwa amekwisha kuondoka.

Maana walimwogopa. Kwa wasioijua enzi ile ya Wabelgiji, kapita alikuwa msimamizi mweusi aliyewekwa na Wazungu juu ya wenzake. Kambi yetu ilikuwa kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, na kazi yake ilikuwa moja tu, kulisha kwa kuni mitambo ya mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila. Kila watu wawili walikuwa na kipimo chao cha kuni, kilichopangwa na kupimwa kabla ya jua kushuka. Asiyekifikia alipunguziwa posho. Aliyeshindwa mara kwa mara alirudishwa kijijini kwao, ambako kodi ilimngoja, na shamba la pamba la lazima, na mjeledi kwa asiyelilima. Kapita ndiye aliyepita na ufito wake akipima, na neno lake lilikuwa ndilo la mwisho. Sikumsikia hata siku moja akiongeza kuni kwa mdomo ili kumponya mtu.

Ninamkumbuka mtu mmoja wa kabila la Kibangubangu aliyeamka na homa, akaja kumwomba apumzike. Kapita alimtazama, akamwambia achukue shoka lake aende. Nilimtukana siku ile, nikamnyima mchuzi. Jioni nikasikia kwamba alikuwa amemfuata yule mgonjwa hadi kwenye mti wake, akamlaza kwenye majani, akaukata mwenyewe mpaka kipimo kikatimia. Nilipomuuliza kwa nini basi hakumwacha tu kitandani, alisema Mzungu angeona kitanda chenye mtu. Hakuomba mchuzi wake, nami kwa kiburi sikumpa.

Alikuwa na neno moja alilolipenda, nami lilinikera. Akipita mlangoni pangu asubuhi, badala ya kuniuliza nimeamkaje, alisema, "Pori iko natuangalia, Shemeji. Haina haraka." Alilisema bila kitisho, kama wewe unavyosema leo kutanyesha. Nilimwambia aache kuniharibia siku. Kesho yake alilisema tena. Mwishowe nikajikuta nikitazama ukingo wa miti kila nilipotoka kumwaga maji machafu, na sikujua natazama nini.

Mti aliujua kwa sikio. Mkata miti mwingine huangalia unavyoinama, huangalia upepo, naye pia alifanya hayo. Lakini ilipofika karibu na mwisho wa kukata, alinyamazisha kila mtu. Nyimbo zilikoma. Aliweka kiganja juu ya gome, akafumba macho, na akisikia mlio fulani ndani ya mti alitoa sauti fupi, na wote wakajua wakimbilie wapi. Yeye mwenyewe alipenda sana kuimba, na aliimba vibaya mno, sauti ya mbuzi aliyefungwa. Labda ndiyo maana wenzake hawakuona tabu kunyamaza.

Sasa niseme habari ya msumeno, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kumwelewa. Zamani zile mti mkubwa ulikatwa kwa msumeno mrefu wenye vishikio viwili, kimoja kila upande. Watu wawili wanakabiliana, huyu anavuta, yule anaachia, kisha yule anavuta na huyu anaachia. Hakuna anayesukuma. Ukisukuma, bati la msumeno linapinda na linaweza kumkata mwenzako. Kwa hiyo mkono unafundishwa jambo moja tu, kuvuta kuja kwako. Watu wawili waliozoea hivyo kwa miaka wanaitana ndugu wa msumeno, na undugu huo kwetu haukuwa maneno ya mzaha. Walikula sahani moja. Mmoja akiugua, mwingine hakupewa mwenzi wa siku, alibaki kambini kunoa meno ya msumeno. Mwanamke akigombana na mumewe alipeleka mashtaka kwa ndugu wa msumeno wa mumewe, wala si kwa wazazi.

Na alasiri, kazi ikiisha, kila mmoja alimsindikiza mwenzake mpaka mlangoni na kumkabidhi kwa mkewe. Hilo halikurukwa hata siku moja. Ndugu wa msumeno wa mume wangu alikuwa Kapita. Ingawa alikuwa amepandishwa cheo na angeweza kukaa kivulini na ufito wake, aliendelea kushika upande wake wa msumeno kila alipomaliza kupima. Alisimama mlangoni, akasema, "Shemeji, mutu wako huyu." Nami nilipaswa kutoka, hata nikiwa na unga mikononi, nikamtazama mume wangu kuanzia kichwani hadi miguuni, na kusema nimemwona. Hapo ndipo Kapita alipoondoka. Siku moja nilikuwa nimekasirika, nikajibu nikiwa ndani. Alisubiri nje mpaka nikatoka. Nilimwambia ana ukaidi wa punda, naye akakubali.

Mume wangu alianza kuumwa mgongo. Mwanzoni alificha. Nilimjua kwa namna alivyoketi, akishuka kwa mkono ukutani. Kapita alijua kabla yangu, kwa sababu maumivu yalimfikia kupitia msumeno. Alianza kuvuta kwa nguvu zaidi upande wake ili upande wa pili uwe mwepesi, na jioni alishika kikombe kwa mikono miwili. Hawakulizungumza hata kidogo. Lakini kipimo chao kilianza kupungua, na yeye aliyekuwa mpimaji alipima kwa haki ileile, akajipunguzia posho pamoja na mume wangu. Sote watatu tulijua kinachofuata. Mtu wa mgongo mbovu angerudishwa kijijini, kwenye pamba, na pamba ingemmaliza kwa kuinama. Mume wangu alisema ni heri afie msituni akiwa wima. Nilimkanya asirudie maneno hayo. Hata leo ninatamani asingeyasema.

Basi katikati ya wasiwasi huo Mzungu wa mitambo akaja na gari, akashusha mashine mbili za kukatia miti, misumeno ya injini yenye mnyororo wa meno. Wengi wetu tulikuwa tunaziona kwa mara ya kwanza. Kampuni ilitaka kununua ya aina moja kwa kambi zote za kuni, naye alikuja kuuliza Kapita anaonaje, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkongwe katika kazi hiyo. Moja ilikuwa kubwa, nzito, na mwisho wa ulimi wake, yaani ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo, palikuwa na kishikio cha mtu wa pili. Nyingine ilikuwa ndogo. Mtu mmoja aliweza kuinyanyua, na haikuwa na pa kushika mwingine.

Kapita aliinama juu ya hizo mashine kama mnunuzi wa mbuzi sokoni Nyangwe. Kwanza alitaka zijazwe mafuta, maana alisema mzigo mtupu haumfundishi mtu kitu. Akaishika ile ndogo kwa mikono iliyonyooka, usawa wa kifua, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kucheka, kisha akampa mume wangu afanye vilevile. Macho yake hayakuwa kwenye mashine. Yalikuwa kwenye mgongo wa mume wangu.

Aliiweka chini ikiwa inanguruma, akaangalia kama mnyororo unatambaa wenyewe wakati haujaguswa, kwa sababu kazi ya kupunguza matawi ni ya kutembea juu ya shina, na mnyororo usiotulia utamkata mtu mguu akiwa anatembea tu. Ulitulia, akaridhika. Aliizima ikiwa moto, akaivuta kamba kuona kama itakubali kuwaka tena upesi au itamchosha mtu kwa kuvuta. Iliwaka. Aliupima ulimi kwa shubiri. Ulikuwa mfupi, naye akasema ufupi ni mzuri kwa matawi na kuni, kwa sababu ulimi mrefu huingia udongoni na kugusa vitu usivyoviona upande wa pili. Kila alichokisema kilikuwa sawa. Nimekirudia moyoni mara nyingi nikitafuta pa kukosoa, na sijapata.

Ile kubwa alimpa mume wangu kishikio cha injini, yeye akashika kile cha mbele. Walikata kipande cha gogo. Ilipozimwa, mume wangu hakuweza kunyooka. Alibaki amejikunja akijifanya anatazama mnyororo. Hapo Mzungu akamuuliza Kapita anasemaje, na Kapita, badala ya kujibu, akauliza swali lililowachekesha watu wote isipokuwa mimi.

"Bwana, na hii ndogo, mwenzake atashika wapi?"

Mzungu alimweleza kwa uvumilivu kwamba huo ndio uzuri wake, haihitaji mwenzake. Kapita alimsikiliza mpaka mwisho. Aliangalia kile kishikio cha pili cha mashine kubwa, akakigusa. Kisha akamwangalia mume wangu, ambaye bado alikuwa amejikunja, na akasema kampuni inunue ndogo. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Nilifurahi. Niliona mume wangu amepona pamba, nikamjazia Kapita sahani mpaka ikamwagika. Hakuimaliza.

Mashine ndogo ikaja, na watu wakaanza kuondoka. Mtu mmoja sasa aliweza kufanya kazi ya kundi zima, na kampuni haikuwa na sababu ya kuwalisha wawili wawili. Waliofungasha walipita mbele ya nyumba yangu, wake wamebeba vyungu, na hawakumuaga Kapita. Mmoja alitema mate mbele ya miguu yake. Yeye alisimama na ufito wake, kofia kichwani ingawa haikuwa Ijumaa, akawatazama mpaka wa mwisho akapotea njiani. Kambi ikawa na nyumba tupu. Panya wakazijaa, kisha nyoka waliofuata panya. Kelele za mashine zilianza asubuhi, zikafukuza ndege wote, na niligundua kwamba siwezi tena kusikia mti ukianguka. Nilisikia tu udongo ukitikisika chini ya miguu yangu, bila kujua ni upande gani.

Kapita naye hakusikia tena. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Alinieleza kwamba mashine inapolia, mti unasema na hakuna wa kuusikia. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana woga usoni. Lakini jibu alilolipata lilikuwa la mtu wa aina yake, mtu aliyezeeka kwenye kishikio cha msumeno. Aliamua kwamba mume wangu hatafanya kazi peke yake. Kila alipomaliza kupima, alikwenda kusimama alipokuwa akisimama siku zote, ng'ambo ya shina, uso kwa uso na mume wangu, kwenye ncha ya ule ulimi. Hapakuwa na kishikio, lakini mahali pake palikuwepo. Mume wangu alituliza moyo kumwona pale. Alisema bila Kapita mbele yake anajiona kama mtu anayekata hewa.

Mzungu wa mitambo aliwakuta siku moja, akawafokea, akasema hapo si mahali pa kusimama. Kapita alisogea. Gari lilipoondoka, alirudi.

Nililoambiwa na mume wangu, kabla hajaacha kabisa kulizungumza, ni hili. Walikuwa wanapunguza matawi ya mvule ulioangushwa. Palikuwa na tawi limebanwa chini ya shina, limepinda, na nafasi ya kupitisha mashine ilikuwa finyu. Akakata kwa ncha. Ncha ikagusa tawi jingine lililojificha nyuma yake, na mashine ikaruka juu na nyuma, ikielekea shingoni mwake. Kwa wepesi wake haikuwa na uzito wa kuizuia. Kapita alikuwa amesimama palepale. Miaka yake yote mikono ilijua kwamba msumeno ukizidi kwenda upande wa mwenzako, unauvuta uje kwako. Akanyoosha mkono wa kulia, akaukamata ule ulimi na mnyororo wake unaokwenda mbio, akavuta.

Mashine ilimkosa mume wangu shingo, ikamchukua ncha ya sikio. Mkono wa Kapita ulibaki na kidole gumba. Alasiri ile hakuna aliyesimama mlangoni pangu kumkabidhi mtu. Nilitoka mwenyewe, nikakuta mume wangu ameketi barabarani na shati lote damu ya mtu mwingine, na Kapita amekwisha kupakiwa kwenye gari la kuni kupelekwa kwa daktari mjini Kasongo.

Mzungu alisema mtu mwenye akili hashiki mnyororo unaozunguka. Alisema kweli. Mtu ambaye hajavuta msumeno na mwenzake maisha yake yote asingeushika. Watu wa kambi walisema mengine, kwamba Kapita alikuwa amekula watu kwa kuchagua mashine, na sasa mashine imemla yeye. Wengine wakasema haijashiba. Niliwasikia kisimani, nikawaambia wazibe masikio yao na midomo yao pia, lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri, wala siku zilizofuata.

Kampuni ilimwachisha kazi, akahamia Lusangi kwa ndugu za mkewe. Kabla ya kwenda alikuja kutuaga. Nilipika wali na samaki wa mto Lualaba kwa mafuta ya mawese, nikaweka sahani moja katikati kama desturi. Mume wangu alinawa. Kapita alikuwa amevaa kanzu, mkono wa kulia ameuficha ndani ya mkono wa kanzu. Tukasubiri. Mimi, mjinga, nikamkaribisha tena, na ndipo nilipoona tatizo. Mkono wa kula haukuwepo. Mkono wa kushoto, kwa mtu kama yeye mwenye kuchokonoa kucha na kusali Ijumaa peke yake, hauingii katika sahani ya watu. Alisema ameshiba. Mume wangu aliutazama wali, akainuka, akatoka nje, na nikamsikia akitapika nyuma ya nyumba. Walikuwa wamekula pamoja miaka mingi kuliko niliyokula mimi na mume wangu. Tangu hapo hawakula tena pamoja.

Mume wangu alirudi kwenye mashine. Angefanya nini? Mgongo ulikuwa uleule na pamba ilikuwa ileile. Walimhamishia sehemu mpya ya kukata, mbele zaidi kuelekea Salamabila, nasi tukahama naye. Alifanya kazi peke yake. Mimi nilimpelekea chakula mchana na kukiacha kando ya njia, maana mwanamke hakuruhusiwa kuingia wanakokata. Masika ndipo tawi lilipomuua, kama nilivyosema mwanzo, tawi lililokuwa limekwama juu ya mti mwingine na kujiachia bila yeye kulisikia. Lakini Kapita nilimwona mara ya mwisho kabla ya hapo, kiangazi kikielekea mwishoni, nami nataka kumaliza na siku hiyo.

Nilikuwa njiani na chakula cha mume wangu. Nikamwona anakuja kutoka upande wa msituni, kwa mwendo wake uleule wa kutoamsha mtu. Alikuwa amevaa nguo za kazi za kampuni, zilizofuliwa, na vifungo vya shati vimekaa kombo kwa sababu ya kufungwa na mkono mmoja. Amekonda. Kutoka Lusangi hadi pale ni mwendo wa kumchosha hata kijana, na vumbi lilikuwa limemfika magotini. Nilifurahi kumwona, nikacheka, nikamuuliza kama kampuni imemrudishia ufito wake. Hakucheka.

Aliniambia alikuwa amekwenda kuomba mahali pake. Hakutaka mshahara wala posho. Alimwambia mume wangu kwamba atasimama tu, mbali kidogo na ncha safari hii, mahali ambapo macho yanaweza kufanya kazi ya masikio, na akiona kitu atampiga kijiwe mgongoni.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Amekataa, Shemeji. Anasema akiona huu mukono, yake inatetemeka. Hawezi kukata." Alikuwa ameuzungushia kitambaa cheupe, safi kabisa, akakitazama. "Nikamwambia nitauficha. Anasema hata nikiuficha, ataujua uko."

Nilitaka kumwambia nitazungumza naye, kwamba nitamlazimisha, kwamba mume wangu ni mtu wa hasira za karibu. Nilianza kuyasema. Alitikisa kichwa mpaka nikakoma.

"Nilimuvuta mara moja," akasema. "Mara ya pili hataki."

Hapo nililia, pale barabarani, bila kujali nani anapita. Nilimlilia yeye na nilimlilia mume wangu aliyekuwa bado mzima, na Kapita hakunikataza. Alingoja nimalize. Kutoka msituni tulisikia mashine ikinguruma, ikizama kwenye mti na kupanda tena, kisha ikizama. Tukajikuta wote wawili tunaifuata kwa kichwa.

"Usisimame hapa, Shemeji," akaniambia. "Ukisimama hapa, utakuwa unangojea tu inyamaze."

Akashika njia ya Lusangi. Mimi sikuweza kuondoka.